Gari la Zamani Likipiga Mabomu: Kutafuta Kosa la Moto Hatua kwa Hatua

Barabara ya Moshi kwenda Arusha haina mlima wa kumtisha mtu, lakini injini ya zamani inaujua ulipo. Njia panda ya KIA, ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko kwenye mita kama 900 juu ya usawa wa bahari. Mnara wa saa wa Arusha uko kwenye 1,400 hivi. Nusu kilomita nzima ya kwenda juu, taratibu, gia ya nne, mguu umelala kwenye pedeli. Hapo ndipo Land Rover Series III ya mjomba wangu ilipokuwa ikianza vituko: paa! Kikatiti, paa-paa! Maji ya Chai, na tukifika Usa River vijana wa bodaboda wanatupigia saluti.

Fundi wa kwanza alibadilisha kabureta. Wa pili akaifungua ile mpya, akaisafisha, akaweka na plagi mpya. Wa tatu akasema ni valvu, hedi, yaani kichwa cha injini, ishushwe. Mjomba akanipigia simu kabla hedi haijashuka. Kosa lilikuwa kipande cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, nacho nitakifikia. Wale mafundi hawakuwa wajinga. Walianza kazi katikati tu.

Ninayoeleza hapa ni ya magari ya petroli yenye kabureta, na distribyuta (kigawa umeme wa plagi) ya pointi, yaani swichi ndogo ya ndani inayofunga na kufunguka injini ikizunguka: Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, Datsun 1200, Volkswagen Beetle, Land Cruiser FJ40 na wenzao. Vifaa ni vichache. Uwe na spana ya plagi, bisibisi mbili, fila (vibati vya kupimia nafasi), multimita ya bei ya kawaida, balbu ya volti 12 uliyoiunga waya mbili, msasa laini, chaki au rangi nyeupe, na taimingi laiti, taa ya kupimia wakati wa cheche, kama unaweza kuazima. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto, au walau ndoo ya mchanga. Fanya kazi mahali penye hewa, asiwepo wa kuvuta sigara. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikae karibu na waya za plagi injini ikiwaka. Umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Mlio unatoka wapi, na unatoka lini?

Usiguse kitu bado. Bomu ni petroli iliyowaka mahali pasipo pake au wakati usio wake, na mahali na wakati ndivyo vitakavyokuambia uanzie wapi.

Ukilisikia nyuma, kwenye ekzosi, maana yake petroli imepita silinda bila kuungua, ikakutana na joto la bomba, ikawaka huko. Anayeipitisha mara nyingi ni moto, yaani cheche ya plagi, uliokosekana, silinda ikamisi, au moto uliochelewa. Ukilisikia mbele, kabureta ikapiga chafya na kutema moto kwenye chujio la hewa, moto umerudi kupitia valvu ya kuingizia. Hapo mchanganyiko ni mwepesi mno, yaani hewa nyingi petroli kidogo, au waya za plagi zimebadilishana nafasi, au moto umewahi kupita kiasi, au valvu hiyo haifungi. Kwa sababu hii usiendeshe gari bila chujio la hewa ati lipumue vizuri. Chujio ndilo linalozuia ulimi wa moto usifike kwenye boneti.

Sasa wakati. Linapiga unapowasha tu, halafu haliwaki: fikiria taimingi (wakati cheche inapotoka) na mpangilio wa waya. Linatema unapokanyaga mafuta ghafla: kabureta, hasa pampu yake ndogo ya kuongezea mafuta. Linapiga ukiachia mafuta kwenye mteremko, kwa mfano kutoka Marangu kwenda Himo: hewa inaingia kwenye kiungo cha ekzosi. Linapiga likibeba mzigo kwenye mlima, kama la mjomba, na kwenye tambarare linatulia: moto dhaifu. Mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi, kwa hiyo udhaifu wowote wa umeme hujificha gari likiwa halina kazi na kujitokeza likibanwa.

Linalokwenda vizuri dakika ishirini, likaanza kumisi, likazima, kisha likawaka tena baada ya kupoa, koili (kipandisha volti za cheche) au kondensa (kikopo kidogo cha umeme kwenye pointi) inachemka. Liandike hilo pembeni.

Kisha muulize mwenye gari, hata kama ni wewe mwenyewe: kitu gani kiliguswa mwisho kabla ya tatizo kuanza? Nilipomuuliza mjomba, alinitajia kila kitu isipokuwa kimoja.

Betri, ethi na njia ya umeme

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, inasoma volti 12.6 hivi. Ukipiga staata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka usome kati ya 13.8 na 14.4, ukisoma pungufu, betri inaliwa bila kurudishiwa, na moto utadhoofika kadiri safari inavyoendelea, hasa usiku taa zikiwaka.

Halafu ethi, njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Magari haya yana utepe wa waya unaounganisha injini na chesisi, na vumbi letu pamoja na matope ya masika huutafuna kimyakimya. Ufungue, usugue pande zote mbili hadi chuma kiwe cheupe, uufunge. Ndani ya distribyuta nako kuna waya mwembamba laini wa ethi unaoshika sahani ya pointi. Unakatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana kwa nje. Uvute kidogo kwa vidole. Ukirefuka kama mpira, umekwisha.

Pima volti kwenye terminali ya koili inayopokea umeme kutoka swichi, pointi zikiwa zimefunga. Kwenye mfumo wa kawaida utapata karibu volti za betri. Kwenye gari lenye rezista ya kupunguzia umeme utapata kama 6 hadi 9, na hilo si kosa. Ukipata pungufu ya hapo, chukua waya mmoja kutoka betri moja kwa moja hadi terminali hiyo, uwashe gari kwa dakika chache tu. Kumisi kukiisha, koili haina shida: mgonjwa ni swichi ya ufunguo au waya wa kutoka kwenye dashibodi. Ondoa waya huo ukimaliza. Nimewahi kuona gari limeachwa nao miezi, haliwezi kuzimwa kwa ufunguo, na dereva anazima kwa kuachia klachi gari likiwa kwenye gia.

Plagi zinasema

Endesha gari kama kilomita tano kwa mwendo wa kawaida, uzime, usiliache likinguruma mahali pamoja. Toa plagi zote, uzipange chini kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au moto dhaifu. Iliyolowa petroli haichomi kabisa. Iliyolowa oili ni habari nyingine, ya ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye vipele ni joto kali: mchanganyiko mwepesi au taimingi mbaya.

Zote nne zikiwa nyeusi, kosa ni la wote: kabureta, choki iliyokwama, chujio lililoziba, koili. Moja ikiwa nyeusi na tatu safi, achana na kabureta; kosa liko kwenye waya wa silinda hiyo, kituo chake kwenye kifuniko cha distribyuta, plagi yenyewe, au valvu. Uchunguzi huu hauna gharama na ungemwokolea mjomba pesa ya kabureta. Plagi zake zilikuwa nyeusi zote, sawa, lakini masizi yalikuwa makavu na gari halikuwa likinywa mafuta kupita kawaida yake. Moto dhaifu, si petroli nyingi.

Kisha itazame cheche. Vuta waya unaotoka katikati ya koili kwenda kwenye kifuniko, ushike kwa koleo lenye mpira, uweke ncha yake milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali kabisa na kabureta. Mtu apige staata. Cheche ya bluu inayolia kwa ukali ni nzima. Ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, ni dhaifu. Ikiwa hapa ni nzuri lakini kwenye plagi ni mbaya, kosa liko katikati: kifuniko, rota au waya.

Ndani ya distribyuta

Hapa tukae, maana mabomu mengi yanazaliwa hapa.

Kifuniko kwanza. Kifute kwa kitambaa kikavu, ukipeleke juani, uchunguze ndani na nje. Unatafuta mstari mwembamba kama wa penseli kati ya kituo kimoja na kingine. Ni njia ya kaboni. Umeme umejitengenezea barabara na kila ukipita unaipanua. Kifuniko hicho hakisafishwi, kinatupwa. Angalia pia kijiti cha kaboni cha katikati kama kipo na kinarudi kwa springi. Wakati wa manyunyu ya Julai Arusha, unyevu ndani ya kifuniko peke yake unatosha kulifanya gari likatae asubuhi na kukubali saa nne jua likitoka.

Rota sasa, kijiti kinachozunguka chini ya kifuniko kikigawa umeme. Ndicho kile kipande cha plastiki. Kwa macho ya mjomba, na kwa macho yangu pia, ilikuwa mpya na inang'aa. Kuna kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Toa kifuniko, acha rota mahali pake, zungusha injini hadi pointi zifunge, washa swichi ya ufunguo. Shika waya wa katikati wa koili kwa koleo la mpira, ncha yake milimita 3 hadi 5 juu ya shaba ya katikati ya rota. Sasa tenganisha pointi kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, mara kadhaa. Cheche haitakiwi kuruka kwenda kwenye rota. Rota nzima haina njia ya kuupeleka umeme chini. Ikiruka kwa nguvu, umeme unatoboa plastiki na kuingia kwenye shafti, kwa kawaida kupitia ripiti inayoshika ile shaba.

Ya mjomba iliruka kila tulipogusa.

“Mjomba, hii rota nani aliweka?”

“Si ilikuja kwenye pakiti moja na zile plagi za kwanza kabisa. Hiyo si mpya?”

Ilikuwa mpya, na ndiyo iliyokuwa mbovu. Gari likiwa tambarare, umeme ulichagua njia ya plagi kwa sababu ilikuwa rahisi. Mlimani mgandamizo ukipanda, njia ya ripiti ikawa rahisi zaidi, silinda ikakosa moto, petroli ikaenda kulipukia Maji ya Chai. Rota yake ya zamani, iliyoliwa kidogo pembeni, ilikuwa bado kwenye kopo la misumari. Tukairudisha. Tangu siku hiyo situpi kifaa cha zamani hadi kipya kimalize mwezi.

Kondensa inaingia kwenye fungu hilohilo. Ikifa, cheche kubwa zinaruka kati ya pointi zenyewe, zinaungua na kuwa nyeusi au bluu haraka, na moto wa plagi unakuwa wa njano. Huna haja ya kuipima kwa mitambo: funga nyingine unayojua inafanya kazi, hata iliyotumika, ujaribu.

Pointi: zungusha injini hadi kile kiguu cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kamu (shafti yenye pembe inayozisukuma), ndipo upime nafasi. Kwa distribyuta za Lucas za Land Rover ni milimita 0.35 hadi 0.40, Beetle 0.40, Datsun 1200 inataka 0.45 hadi 0.55. Futa fila oili kabla ya kuipitisha, na ukimaliza vuta kipande cha karatasi safi kati ya pointi. Tone moja la oili hapo linakurudisha mwanzo. Paka grisi chembe kwenye kamu ili kiguu kisilike. Kisha shika shafti ya distribyuta uitikise kulia na kushoto. Ikicheza, bushi imelika, na hakuna nafasi ya pointi itakayokaa. Utarekebisha kila wiki na kulaumu pointi.

Koili, kwa multimita, waya zake zikiwa zimetolewa: kati ya terminali mbili ndogo upate kama omu 3, au 1.5 kama mfumo una rezista. Kati ya terminali ndogo na ya katikati upate maelfu, mara nyingi kati ya 5,000 na 15,000. Lakini koili inayofeli ikiwa ya moto inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi. Ipime mara gari linapogoma, palepale barabarani, kabla haijapoa.

Mpangilio wa waya

Toa plagi ya silinda namba moja, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha injini kwa hendeli. Hewa ikisukuma kidole, silinda hiyo inagandamiza. Endelea hadi alama ya puli ikutane na kielekezo. Rota sasa lazima iangalie kituo cha waya namba moja. Ikiangalia upande wa pili kabisa, distribyuta imefungwa nusu mzunguko nje, na gari la namna hiyo halitawaka bali litapiga chafya tu.

Kutoka hapo fuata mpangilio kwa upande ambao rota inazunguka. Land Rover ya silinda nne, Peugeot 504 na Datsun 1200 ni 1-3-4-2. Beetle ni 1-4-3-2. FJ40 yenye injini ya 2F ni 1-5-3-6-2-4. Rota ya Land Rover inazunguka kinyume na saa, ya Beetle inafuata saa. Kosa la upande linawaponza hata wazoefu.

Jambo dogo wengi hawalijui: kwenye 1-3-4-2, silinda 3 na 4 zinafuatana kuwaka na pia zinakaa jirani. Waya zake zikilala pamoja kwa urefu, hasa zikiwa zimezeeka, umeme wa 3 unaweza kuamsha 4 kabla ya zamu yake. Zitenganishe kwa vishikio. Usiku, boneti wazi na taa zimezimwa, waya mbovu utauona ukimulika bluu.

Taimingi kwa balbu

Nafasi ya pointi kwanza, taimingi baadaye, usigeuze. Nafasi ikiwa kubwa moto unawahi, ikiwa ndogo unachelewa, kwa hiyo ukigusa pointi umegusa taimingi pia.

Weka silinda ya kwanza kwenye mgandamizo, alama ya puli kwenye digrii ambazo kitabu cha gari lako kinasema. Balbu: waya mmoja kwenye terminali ya koili inayokwenda kwenye pointi, mwingine kwenye chuma. Washa swichi ya ufunguo. Legeza nati ya kushikilia distribyuta, uizungushe upande uleule rota inaokwenda hadi balbu izime, maana yake pointi zimefunga. Sasa irudishe polepole kinyume cha rota. Pale balbu inapowaka tu, simama, kaza. Hapo ndipo cheche inapotoka.

Ukiwa na taimingi laiti, chomoa mpira wa vakyumu (mnyonyo wa hewa unaosogeza sahani ya pointi) na uuzibe, injini ikinguruma polepole, uangalie alama. Panda mafuta: alama iwahi taratibu, na ukiachia irudi. Isiporudi au isiposogea, vizito na springi ndani ya distribyuta vimekwama kwa kutu. Vakyumu unaijaribu kwa mdomo: nyonya mpira, sahani ya pointi isogee na ikae hapo hadi uachie. Ikirudi yenyewe, ngozi yake imetoboka, na tundu hilo hilo linaingiza hewa kwenye manifoldi.

Moto ukiwa sawa na bado linapiga

Sasa una haki ya kutazama kabureta. Injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo kwenye kiungo cha kabureta na manifoldi, na cha manifoldi na hedi. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Usitumie petroli kwa kazi hii, nimeona nyusi zikiondoka. Angalia mafuta pia: chota kwenye chupa nyeupe, uache nusu saa, maji yatakaa chini. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa itajitangaza kwa harufu, kwa injini kugonga mlimani, na kuendelea kuzunguka baada ya kuzima ufunguo.

Valvu ndiyo ya mwisho. Klirensi (nafasi) ya tapeti, visukuma valvu, za Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.25 zote. Ikibana, valvu haifungi. Ya kuingizia itapiga chafya, ya kutolea itapiga mabomu. Ukipima mgandamizo, tofauti kati ya silinda ndiyo ya kutazama kuliko namba yenyewe, kwa sababu hewa ya Arusha ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Injini inayotakiwa kusoma baa 10 Tanga itasoma 8.5 hivi hapa na ikawa nzima kabisa. Hedi ngapi zimeshushwa kwa kutolijua hilo, sitaki kukisia.

Urefu huo huo unavuruga kabureta. Gari lililotyuniwa Dar es Salaam likifika hapa linakuwa na petroli nyingi, plagi nyeusi, na kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, linakohoa. Ukilipunguzia mafuta huko juu kisha ukashuka nalo Moshi au pwani, litakuwa jepesi na kuanza kutema mbele. Lityuni kwa mahali linapoishi, uvumilie safari.

Na ukirekebisha kitu kimoja, rudi barabarani kipande kilekile, gia ileile, kabla hujagusa cha pili. Mimi na mjomba tulirudi njia panda ya KIA na rota yake ya kopo la misumari. Kikatiti kimya, Maji ya Chai kimya, Usa River hakuna saluti. Limebaki bomu moja dogo likishuka kutoka Marangu; kiungo cha ekzosi kina alama nyeusi ya moshi, na gasketi nilishamnunulia. Iko nyuma ya kiti, bado kwenye karatasi yake.